Mengineyo

Asubuhi moja ya Agosti 2016 nilikuta vijana wanne wakipiga mkuza, ile njia inayofyekwa kuweka mpaka, katikati ya bonde letu. Walikuwa na mapanga, kamba ya manila imevutwa kutoka jiwe hadi jiwe, na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu vimekitwa hadi ndani ya vinyungu. Kigingi kimoja kilisimama juu ya tuta la jirani yangu, mahindi yake ndiyo kwanza yana majani manne. Nikawasalimu, "Kamwene," wakaitikia vizuri. Nikauliza wametumwa na nani. Mkubwa wao akafungua mfuko wa plastiki aliouvaa shingoni, akanipa karatasi.

"Mama, hapa kijiji kimeshapitisha. Muhtasari huu hapa."

Niliusoma nikiwa nimesimama kwenye tope. Ukurasa wa mwisho ulikuwa orodha ya mahudhurio ya kikao cha halmashauri ya kijiji. Namba 14 lilikuwa jina langu, na mbele yake sahihi yangu, ile ile ninayoiweka kwenye kitabu cha vikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Hakuna aliyeighushi. Niliiweka mwenyewe, kwa kalamu yangu, mwezi Mei, nilipokuwa naingia mlangoni.

Kwa asiyeifahamu Iringa, kinyungu ni bustani ya bondeni. Mvua zikishakatika, ardhi ya mlimani inakauka, lakini bondeni maji yako karibu. Tunainua matuta, tunachimba mifereji midogo kati yake, na kuanzia Julai tunapanda mahindi, maharage, maboga na mboga. Mahindi mabichi ya vinyungu huanza kuliwa Desemba na Januari, wakati gunia la mwaka uliopita limebaki vumbi na mahindi ya mlimani bado ni majani. Kwetu shamba la mlimani ni la baba. Kinyungu, mara nyingi, ni cha mama. Hakuna hati, hakuna mpaka ulioandikwa. Mama mkwe anakuonyesha matuta yake, unalima, siku moja na wewe unamwonyesha mkamwana wako. Bonde lile lilikuwa ardhi ya kijiji kwenye karatasi. Kwenye sufuria lilikuwa letu.

Nieleze nilivyofika kwenye halmashauri ya kijiji, maana hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa tarehe 14 Desemba 2014. Halmashauri ya kijiji huwa na wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka wanawake wasipungue robo yao. Ya kwetu ilikuwa na wajumbe 22, kwa hiyo wanawake sita. Sita kamili, hakuna hata mmoja wa ziada. Wiki chache kabla, mzee mmoja wa chama alikuja nyumbani jioni. Alizungumza na mume wangu barazani. Mimi nilikuwa jikoni napepeta mchele. Wakamaliza, mume wangu akaniita: "Wanakuomba uingie kwenye viti vya akina mama. Nimewaambia hakuna shida." Nilifurahi, sitasema uongo. Nina darasa la saba, nilikuwa katibu wa vikoba, na tangu nikiwa mwanafunzi nilipenda kuandika. Lakini leo nikiikumbuka jioni ile naona kwamba ombi lilipelekwa barazani na jibu likatoka barazani. Mimi nilipelekewa habari.

Vikao vya halmashauri vilikuwa vya kila mwezi. Tangazo lilisema saa nne asubuhi. Kikao kilianza saa nane, wakati mwingine saa tisa, akidi ikishatimia. Sisi wanawake tulifika saa nne kweli, kwa sababu tulikuwa tumepanga siku nzima kuzunguka saa hiyo. Tulikaa kwenye benchi la mlangoni. Karatasi ya mahudhurio ilikuwa mezani tangu mwanzo: unaingia, unasaini, unakaa.

Halafu ajenda. Kila aliyewahi kukaa kwenye kikao cha Kiswahili anazifahamu kama sala: kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, maendeleo ya ujenzi, mengineyo, kufunga kikao. Tulibishana saa nzima juu ya matofali ya choo cha shule. Tulibishana juu ya faini ya mbuzi wanaozurura. Muhtasari uliopita ulithibitishwa bila kusomwa: "Wote mliupata? Tunathibitisha?" Hakuna aliyekuwa ameupata. Tulithibitisha. Ikifika saa kumi na moja jua la Iringa linaanza kuwa na baridi, kuni hazijaletwa, maharage hayajabandikwa, mtoto mdogo yuko kwa jirani. Unamnong'oneza mwenzako, mnainuka, mnaomba ruhusa. Mwenyekiti alikuwa mwungwana sana katika hilo. "Akina mama nendeni tu, yamebaki mengineyo."

Siku ile bondeni nilimrudishia kijana karatasi yake, nikapanda moja kwa moja hadi ofisini. Mtendaji, ambaye ndiye katibu wa halmashauri, hakunificha faili. Nilikaa kwenye benchi letu la mlangoni nikasoma. Chini ya mengineyo iliandikwa kwamba kikao kilipokea ombi la mtu wa mjini la ekari 90, mteremko pamoja na bonde, kwa ajili ya kilimo cha miti, na kwamba wajumbe walijadili na kuridhia kwa kauli moja. Siku ile wanawake wanne kati ya sita tuliondoka kabla ya saa kumi na mbili. Nilijua, maana tuliongozana njia moja. Lakini karatasi ya mahudhurio haina sehemu ya kuandika saa uliyoondoka. Kwa mujibu wa faili, mimi nilikuwepo, nilijadili, nikaridhia.

Nililia nikiwa njiani. Nilivyofika nyumbani nikamweleza mama mkwe, kwa sababu matuta yangu yalikuwa yake. Alinyamaza muda mrefu. Akaniambia kwamba mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, waliambiwa wavunje nyumba za ng'ambo na kuhamia huku barabarani, na kitu kilichowafanya wanawake wakubali kuhama bila vurugu ni kuahidiwa kwamba bonde litabaki pale pale. "Mwanangu, wale waliotuhamisha walikuja na bunduki. Hawa wamekuja na jina lako." Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali.

Sikulala vizuri siku kadhaa. Wakati huo kata jirani kulikuwa na mama aliyepata mafunzo ya usaidizi wa kisheria, mwalimu mstaafu. Nilimfuata kwa bodaboda, kwa fedha ya vikoba niliyokopa. Akatoa kabatini kitabu cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, toleo la Kiswahili, kurasa zimelegea. Alinifungulia sehemu tatu ambazo nilizinakili kwa mkono na bado ninazo.

Ya kwanza: halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, mwanamke na mwanamume. Ombi lile halikuwahi kufika huko. Ya pili: mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi kihalali ni batili. Ya tatu: kila kijiji kiwe na Baraza la Ardhi la watu saba, wanawake wasipungue watatu, na kikao chake hakitimii bila watu wanne, wawili wao wanawake. Niliporudi kuuliza baraza letu liko wapi, nikaonyeshwa orodha ya majina saba. Mwanamke mmoja alikuwa amehamia Mafinga. Mwingine tulimzika miaka miwili nyuma. Na jina lake lilikuwa bado pale, likitimiza idadi.

Hilo la marehemu liliniondolea woga kuliko maneno yote ya sheria. Nilielewa kwamba tulikuwa tunahesabiwa tu. Aliye hai na aliyekufa tulikuwa na kazi moja.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu. Wa mwisho ulikuwa umefanyika muda mrefu kabla ya hapo. Tuliomba uitishwe, tukaambiwa subirini. Tukaomba tena kwa barua, ikiwa na sahihi za wakazi, nakala kwa mtendaji wa kata. Ukaitishwa mwezi wa kumi. Katika majuma yale kikundi chetu cha vikoba, kinachokutana kila Jumanne, kilibadilika kikawa shule. Tulisoma zile nakala zangu kwa sauti, kwa Kiswahili, halafu kwa Kihehe kwa ajili ya bibi zetu. Kisha tukaja kwenye jambo lililokuwa gumu kuliko sheria: nani atapika siku hiyo?

Watu wanaotufundisha uongozi hawaligusi jambo hili. Wanatufundisha kujiamini, kusimama wima, kutazama watu machoni. Kujiamini hatukukosa. Tulikosa mtu wa kubandika maharage saa kumi na moja. Tulipanga hivi: wasichana wakubwa wanne watapika chungu kimoja kikubwa nyumbani kwangu, watoto wote wale pale, kuni ziokotwe siku moja kabla, maji yachotwe alfajiri, kila mama aje na khanga ya pili ya kujifunika baridi. Na hakuna atakayeinuka mpaka mwenyekiti aseme "nafunga mkutano".

Siku ilipofika tuliomba jambo moja mwanzoni kabisa, kabla ya kitu kingine chochote. Mama mmoja mjane, ambaye sikuwahi kumsikia akisema mkutanoni, alinyoosha mkono. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba suala la bonde lisikae kwenye mengineyo. Liwe ajenda namba mbili." Kulikuwa na minong'ono upande wa mabenchi. Mwenyekiti akasema ajenda zimeshapangwa. Mjane akarudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Halafu mzee mmoja, mwanamume, akasema: "Kwani shida iko wapi? Liwekwe." Nataka kumtaja mzee huyo hata kama simpi jina, kwa sababu si kweli kwamba wanaume wote walikuwa upande mmoja. Mkewe alikuwa na matuta kumi na nane bondeni.

Mjadala uliisha saa moja usiku, kwa taa ya pikipiki. Mkutano ulikataa bonde kutolewa. Mteremko, ambao ni nusu ya eneo na zaidi, ulipita: yule mtu alikuwa ameshalipa mchango wa darasa, na wengi waliona darasa likianguka. Mimi nilinyoosha mkono kukataa vyote viwili, nikashindwa kwa hilo la pili. Leo mteremko ule ni paini tupu, ndefu, na yale maji ya juu ambako tulikuwa tunateka wakati wa kiangazi hayaonekani tena ikifika Oktoba. Watu wanabishana kama ni miti au ni mvua. Sina kipimo, nina ndoo tu.

Ningetamani kuishia hapo, bonde limeokolewa. Lakini katika mkutano ule mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, alitumia hoja ya mazingira. Alisema Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto dhidi ya shughuli zinazoharibu, kwa hiyo miti isipandwe pale. Hoja ilishangiliwa. Mwaka uliofuata afisa kutoka wilayani alikuja na kanda ya kupimia, akapima mita 60 kila upande wa kijito, na bonde letu lote si pana kuliko hapo sana. Akasema hakuna miti na hakuna vinyungu. Mahindi ya baadhi yetu yalifyekwa.

Wanawake waliokuwa wamekaa nami mpaka saa moja usiku walikuja uani kwangu. Mmoja alisema afadhali tungeliacha liuzwe, angalau tungelipwa fidia. Wengine waliacha kunisalimu kisimani kwa miezi. Nilijifunza kwamba ukishatoka kwenye benchi la mlangoni huwezi kusema tena "mimi sikuwepo". Ilituchukua misimu miwili ya kwenda na kurudi mpaka kijiji kikakaa na wataalamu kupanga matumizi ya ardhi, bonde likagawanywa: ukanda wa kijito usiguswe kabisa, na pembeni ya ukanda huo vinyungu vilimwe bila mifereji mirefu inayokausha chemchemi, bila dawa za kupulizia. Tulipoteza matuta mengi. Mimi nilibaki na matuta saba kati ya kumi na mbili. Mama mkwe alifariki kabla mpango haujakamilika, na matuta yake yaliyo karibu na maji leo yana matete.

Mwaka 2019 niliomba uenyekiti wa kitongoji. Hapa nchini huwezi kugombea bila kudhaminiwa na chama, kwa hiyo mlango wa kwanza ni kura za maoni ndani ya chama, na kwa wengi mwaka ule ulikuwa ndio mlango pekee, maana wagombea wengi walipita bila kupingwa. Nami nilipita hivyo. Sijivunii kupita bila kupingwa; ningependa kushinda mbele ya watu wote.

Kura za maoni ndizo zilizonitoa jasho. Wenzangu wawili, wanaume, walifanya kampeni zao kwenye kilabu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, jioni. Mwanamume akinunua lita za ulanzi anaitwa mkarimu. Mwanamke akionekana pale saa mbili usiku, kesho yake kuna hadithi. Waliosema mume wangu ameshindwa kunitawala hawakusema mbele yangu. Walimwambia yeye, kwa utani, akirudi gengeni. Alikuja siku moja amekasirika, akaniuliza kama ninaona anavyochekwa. Nikamwambia ninaona. Tulikaa kimya. Asubuhi alinitengenezea tairi la baiskeli. Sikuwahi kumuuliza usiku ule aliwaza nini.

Mimi nilikwenda wanawake walipo: mashine ya kusaga, kliniki ya watoto siku ya kupima uzito, misibani jikoni, foleni ya maji alfajiri. Sikugawa kitu, sikuwa nacho. Nilikuwa na swali moja ninalomuuliza kila mtu: "Mara ya mwisho kusomewa mapato na matumizi ya kijiji ilikuwa lini?" Kina mama walicheka, halafu wakaacha kucheka. Nilishinda kwa kura tisa.

Kati ya kila wenyeviti mia wa vijiji waliopatikana nchini mwaka ule, wanawake hawakufika watatu. Nilizipata takwimu hizo baadaye kwenye semina, na sikushangaa. Kwenye viti vilivyotengwa tupo kwa sababu sheria inatutaka. Kwenye kiti kimoja cha mbele hakuna robo ya mtu.

Mwenyekiti wa kitongoji hana mshahara. Ana muhuri, ana daftari la wakazi, na ana mlango unaogongwa usiku. Anaandika barua ya utambulisho ya mwanafunzi, anatuliza mume na mke, anakwenda na mgambo penye wizi wa kuku. Na anashuhudia mauziano ya ardhi. Huku kwetu mtu akiuza shamba, karatasi ya mauziano inapita kwa mwenyekiti wa kitongoji isainiwe kabla ya kwenda kijijini. Wiki ya kwanza tu niliandika sharti langu kwenye kipande cha boksi, nikalibandika ukutani: muuzaji aje na mkewe, au mumewe, na watoto wakubwa waliopo, wote wasaini mbele yangu. Sikukubali karatasi iliyoletwa ikiwa na dole gumba tayari.

Mtu wa kwanza kulijaribu sharti hilo alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Alikuja saa kumi na mbili asubuhi, mnunuzi anasubiri nje na gari. Ekari nne. Karatasi ilikuwa na dole gumba la bluu, na chini yake jina la mkewe.

"Shemeji, saini hapo tuwahi."

"Mkeo yuko wapi?"

"Anaumwa. Dole si hilo hapo?"

"Kama anaumwa nitamfuata mimi nyumbani."

Alinitazama kama mtu asiyenifahamu. Akasema mimi nimeolewa kwenye ukoo huu, ardhi ni ya baba yake, na kwamba nimepewa muhuri nikasahau aliyenitolea mahari. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni anasikia yote. Nilingoja aseme kitu, na nadhani shemeji naye alingoja. Hakusema. Aliingia ndani, akatoka na koti langu la baridi, akanipa.

Nilikwenda na shemeji nyumba kwa nyumba mpaka kwake. Mkewe alikuwa anafua, mzima. Nikamsomea ile karatasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuwa na habari ya ekari nne wala mnunuzi. Dole lile aliliweka akiambiwa ni fomu ya mbolea ya ruzuku. Nilishusha pumzi. Niliwaza namba 14. Nilimwambia neno moja tu, kwamba bila yeye mimi sisaini, na kwamba akitaka kuuza pia ni haki yake, nitasaini. Alisema hataki. Mnunuzi akaondoka na gari lake. Shemeji hakuvuka kizingiti changu karibu miaka miwili, hata kwenye misiba ya ukoo alikaa upande wa pili wa turubai. Gharama ya muhuri kwa mwanamke hailipwi ofisini, inalipwa ndani ya ukoo. Mwenyekiti mwanamume angekataa kusaini karatasi ile, ingeisha kama kazi. Mimi nilivunja udugu.

Machi 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipoapishwa, nilisikia sentensi moja mara nyingi sana: sasa nchi ina mwanamke, mnataka nini tena? Nami nilifurahi kwa dhati, niliweka redio dirishani wapita njia wasikie. Lakini aliyeko Ikulu hawezi kuketi mpaka saa moja usiku kwenye mkutano wa kijiji chetu. Lile ni benchi letu.

Mwaka 2024 niliomba uenyekiti wa kijiji. Kura za maoni nilishindwa, kwa tofauti kubwa kuliko nilivyotarajia. Sababu ziko nyingi na mojawapo ni shemeji na watu wa aina yake, ambao si wachache na ambao hawakusahau. Nyingine ni mita 60. Iliniuma, na bado inaniuma, hasa ninapopita ofisini. Novemba 27 nilipiga kura yangu na kurudi kinyunguni. Kitongoji changu kilichukuliwa na binti ambaye mwaka 2016, akiwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne, tulimpa kazi ya kuandika kila kitu kwenye daftari wakati wa mkutano ule wa usiku. Daftari lile ndilo lililotusaidia baadaye, maana muhtasari rasmi ulipotoka ulikuwa umesahau nusu ya kura.

Aliponifuata kuomba ushauri kabla ya kikao chake cha kwanza, nilimwonyesha jinsi ninavyofanya. Usisaini ukiingia. Saini ukitoka, na pembeni ya sahihi andika saa. Omba muhtasari uliopita usomwe kwa sauti, hata kama watakuona mkorofi, hata kama wewe mwenyewe umeusoma. Mengineyo yakitajwa, uliza ni yapi, moja moja, yaandikwe kabla hayajaanza kujadiliwa. Linalohusu ardhi lirudishwe kikao kijacho. Na karatasi ya mahudhurio ikirudi mezani, watu wakishamaliza, chukua kalamu ya wino upige mstari chini ya jina la mwisho.

Wiki iliyofuata nilipita ofisini kuchukua barua ya mwanangu. Karatasi ya mahudhurio ya kikao chao ilikuwa bado mezani, imebanwa na jiwe. Wanawake walikuwa wanane. Wote walikuwa wamesaini na kuandika saa: 12:40 jioni, 12:40, 12:45. Chini yao kulikuwa na mstari wa bluu, umenyooka, umefika mpaka ukingoni mwa karatasi.